Usiipige fsck -y hiyo diski, ichukulie nakala kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Salamu tutapeana baadaye.

Nimeusoma uzi wako tangu juu. Kompyuta ilizimika katikati ya kusasisha kerneli (kiini cha Linux), na sasa ukiwasha inakwama kwenye ule ujumbe wa Kernel panic unaosema "Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Ukagusia pia, tena kama jambo la kupita tu, kwamba siku za karibuni mashine ilikuwa nzito kufungua mafaili na diski ilikuwa ikitoa mlio wa tik tik. Ukauliza mambo manne: ujumbe una maana gani, unaweza kurudi kwenye kerneli ya zamani, kujaa kwa /boot (pale kerneli zinapokaa) kunahusika, na kama huu ndio wakati wa kuhamia SSD na usanidi wake uweje. Mdau aliyenitangulia akakujibu kwa mistari miwili: washa kwa flashi upige fsck -y /dev/sda2 (amri ya kukagua na kutengeneza mfumo wa mafaili), ikigoma piga mke2fs /dev/sda2 upate namba za superbloku za akiba (bloku zinazobeba maelezo makuu ya mfumo wa mafaili). Nawe ukajibu "asante mkuu, usiku nafanya hivyo".

Hiyo asante ndiyo iliyonifanya niingie jukwaani. Usifanye. Maswali yako mengine nitayafikia, lile la SSD tuliache mpaka data iwe salama, ila kwanza toa mkono kwenye hiyo fsck.

Diski isiyowaka haiandikwi kitu chochote mpaka uwe na nakala yake nzima, bloku kwa bloku, juu ya diski nyingine. Hakuna fsck, hakuna kusakinisha GRUB (programu inayoiwasha kerneli) upya, hakuna hata kuipachika (mount) "nichungulie tu kama mafaili yangu yapo". Nakala kwanza. Nitalirudia hili mpaka unichoke, na ukinichoka nitakuwa nimefaulu.

Tuanze na hizo namba za mwisho wa ujumbe, maana zinaonyesha kwamba aliyekujibu hakusoma ulichoandika. Ya kwanza ni namba ya aina ya kifaa, ya pili ni ya kifaa chenyewe ndani ya aina hiyo. Nane ni diski za ukoo wa SCSI, ambamo SATA na USB nazo zinaingia. Ungeona unknown-block(8,2), hiyo ni sda2: kerneli imeiona patisheni ila imeshindwa kuelewa kilichomo. Wewe una sifuri na sifuri. Maana yake kerneli haijaona kifaa chochote cha kupachika. Haijafika hata mlangoni, itajuaje kama ndani kumeharibika? Sababu za kawaida ni initramfs (mfumo mdogo wa muda unaoisaidia kerneli kuifikia diski) kukosekana au kuandikwa nusu, dreva ya diski kutokuwepo, ile root= ya kwenye GRUB, inayotaja patisheni ya mfumo, kuelekeza pasipo na kitu, au diski yenyewe kutojitokeza wakati kerneli inaitafuta. Kwa mashine iliyozimika katikati ya kusasisha kerneli, mtuhumiwa wa kwanza ni initramfs. Na fsck haitengenezi initramfs. Kumpa mtu mwenye 0,0 dawa ya fsck ni kumtia matone ya macho aliyevunjika mguu.

Ila wewe una na huo mlio. Kwa hiyo inawezekana una matatizo mawili kwa wakati mmoja, dogo linalopiga kelele kwenye skrini na kubwa linalogonga kimya kimya ndani ya diski. Kubwa ndilo lililonimaliza mimi.

Kazi yangu ni kuhariri video. Siku hiyo mashine iligoma kuwaka, ikanitupa kwenye kile kiskrini cheusi cha initramfs chenye mshale wa kungojea amri, na juu yake imeandikwa "UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY". Kwa herufi kubwa. Mimi ni nani nibishane na mashine inayoongea kwa herufi kubwa? Nikachukua simu, nikatafuta, nikakuta video ya bwana mmoja mwenye sauti ya kujiamini na muziki wa kuruka ruka nyuma yake. Akasema tatizo hili ni dogo sana, amri moja tu, fsck -y, ile y inajibu ndiyo kwa kila swali usije ukachoka kubonyeza. Nikaona huyu ndiye mtu wangu, ananihurumia hadi vidole.

Mwanzoni ilikuwa raha. Mistari inapaa, namba za inodi zinapita, nimekaa kama fundi wa vyombo vya anga. Halafu ikaanza kwenda polepole. Mstari mmoja, kimya, mlio wa tik, mstari mwingine. Kila mstari ulikuwa unasema kitu kilekile: kosa la kusoma bloku fulani, nilipuuze? Ndiyo. Niiandike upya kwa lazima? Ndiyo. Nami nakunywa maji, nafurahi kwamba inajijibu yenyewe.

Sasa nikuambie kilichokuwa kinatendeka, maana hapa ndipo watu wanapoangamia na hakuna anayewaeleza. e2fsck, ndiyo fsck ya ext4, ikiomba bloku kwa diski na diski ikashindwa kuisoma, programu inabaki na nafasi tupu kwenye kumbukumbu, na sehemu isiyosomeka inajazwa sifuri. Ukikubali kuandika upya kwa lazima, inachukua zile sifuri na kuziandika juu ya diski, mahali pa bloku yako. Diski nayo ina tabia yake: sekta iliyogoma kusomeka inaiweka kwenye orodha ya zinazosubiri, na ikija kuandikwa, ikiona pale hapafai tena inaihamishia kwenye sekta ya akiba. Ya zamani inatupwa. Data iliyokuwa pale, ambayo huenda ingesomeka kwa jaribio la tano au la kumi, hutaiona tena. Umeiambia diski wewe mwenyewe isahau.

Na bloku hizo si ndogo kwa maana. Kwenye ext4 ya kawaida (mfumo wa mafaili unaotumika sana kwenye Linux) bloku ni baiti 4096 na inodi moja ni baiti 256. Piga hesabu: bloku moja ya jedwali la inodi imebeba inodi 16. Inodi ndiyo inayojua ukubwa wa faili, mmiliki wake, tarehe zake, na muhimu kuliko yote, data yake imelala wapi kwenye diski. Bloku moja ikiandikwa sifuri, mafaili au folda 16 hazina anwani tena. Sasa tuseme moja kati ya hizo ilikuwa folda kuu ya kazi zako. Majina ya mafaili hayakai kwenye inodi zao, yanakaa kwenye folda. Folda ikienda, waliokuwa ndani wanabaki yatima wasio na majina, na e2fsck kwa huruma yake inawakusanya kwenye lost+found na kuwapa namba.

Mwisho ikaandika FILE SYSTEM WAS MODIFIED. Kweli ilikuwa imerekebishwa, ila haikusema kuelekea upande gani.

Na unajua kibaya zaidi? Iliwaka! Nikaingia mpaka kwenye eneo-kazi, picha yangu ya nyuma ipo, kila kitu safi. Nikarudi kwenye ile video nikamwandikia yule bwana maoni chini: asante sana, umeniokoa. Maoni hayo nadhani bado yapo na yanawavuta wengine, Mungu anisamehe.

Nikafungua folda ya kazi. Hakuna folda ya kazi. Nikafungua lost+found nikakuta maelfu ya mafaili yenye majina ya kialama cha reli na tarakimu. Harusi ya mteja wangu ilikuwa inaitwa #1572907. Huyo alikuwa mwenye bahati, wengine hawakuitwa kitu. Ukipiga amri ya file inakuambia hii ni video, hii ni sauti, hii ni picha, hilo sawa. Lakini mradi wa kuhariri unavitafuta vipande vyake kwa njia na jina. Una vipande vyote mezani na programu inakuambia haivijui. Jaribu kumpigia bwana harusi umwambie "ndugu yangu, busu lenu lipo, ila sijui ni namba ngapi".

Halafu, kwa kuwa iliwaka, niliendelea kuitumia. Hapo nikamalizia jeneza misumari. Bloku ambazo inodi zake zilifutika, fsck ilikuwa imeshazisahihisha kwenye ramani ya nafasi kama bloku huru. Kwa hiyo kila logi iliyoandikwa, kila ukurasa wa intaneti uliotunzwa, na ile programu ya kuokoa mafaili niliyoipakua na kuisakinisha juu ya diski ileile (ndiyo, ileile, cheka), vyote vilikuwa vinajikalia juu ya video za watu. Ningeizima pale pale ningeokoa nyingi zaidi.

Kabla hujaniuliza bakapu ilikuwa wapi: ilikuwepo. Kwenye patisheni ya pili ya diski hiyohiyo. Tuendelee.

Yule bwana wa video nilikuja kumrudia baadaye kwa macho makavu. Nikagundua kitu ambacho mara ya kwanza muziki ulinificha. Alikuwa anafanya yote ndani ya dirisha, ni mashine pepe ile! Kauharibu mfumo wa mafaili kwa makusudi, kwenye diski ya kubuni isiyo na sekta mbovu hata moja wala faili la mtu yeyote, halafu anautengeneza kwa amri moja na kujipigia makofi. Kwenye hali hiyo fsck -y inafanya kazi vizuri, nami simkatalii. Lakini hakusema hata mara moja: jamani, kwanza angalieni kama diski yenyewe ni nzima. Mstari mmoja wa dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli) ungeniokoa. Wangu ulikuwa umejaa I/O error na Medium Error toka juu hadi chini, mimi sikuwa najua kwamba kuna kitu kinaitwa dmesg. Na usidanganywe na maoni mia ya "imefanya kazi kaka". Iliyomfanyia kazi anarudi kushukuru. Aliyepoteza kila kitu hana kompyuta ya kuandikia maoni.

Fundi niliyempelekea naye alinichangia. Akaichomeka, ikawaka, akasema diski nzima hiyo, ni mambo ya programu tu. Hakupiga smartctl, amri inayosoma rekodi za afya ya diski. Angeipiga angeona namba 197, sekta zinazosubiri, na namba 5, zilizokwisha kuhamishwa, zimepanda. Wewe ukiipiga smartctl -a usiridhike na lile neno PASSED la juu, linaweza kukaa pale hadi siku ya mazishi. Shuka chini uangalie 5, 197 na 198 (zilizoshindikana kabisa kusomeka). Ikiwa hizo ni sifuri ila 199 ndiyo inayopanda, shuku kebo kabla ya diski, hiyo inahesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao.

Kwa haki niseme, -y si shetani. Mwongozo wa e2fsck unaieleza wazi kwamba ni ya kuendeshea bila mtu wa kujibu. Ipo -p, ambayo inarekebisha yale tu yasiyohitaji uamuzi wa binadamu, na ipo -n, ambayo inafungua kwa kusoma tu na kujibu hapana kwa kila swali, ukaona ukubwa wa maradhi bila kugusa. Ila hata -n inaifanya diski inayokufa itafute huku na huko kwa muda mrefu, na diski ya namna hiyo huijui itapumua mara ngapi. Pumzi zilizobaki zitumie kunakili.

Sasa namna ya kunakili. Unahitaji flashi ya kuwashia yenye Linux yoyote na diski nyingine ya nje iliyo kubwa kuliko hii mgonjwa. Isiwe FAT32, maana FAT32 haibebi faili linalofika GiB 4 na nakala yako itakatika mapema sana. Iwe ext4 au exFAT. Ukishawasha kwa flashi, usiibofye diski mgonjwa kwenye kidirisha cha mafaili! Ukiibofya inapachikwa kwa kuandika na jarida lake (daftari la mabadiliko ambayo hayajakamilika) linachezwa upya. Wengi wanadhani mount -o ro inakuepusha na hilo. Haikuepushi: ext4 yenye jarida lisilokamilika italicheza hata ukisema ro, labda uongeze noload. Ndiyo maana mimi naifunga kwenye ngazi ya kifaa kabisa (sdX ni diski mgonjwa, /mnt/akiba ni pale ulipoipachika diski ya nje):

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL
blockdev --setro /dev/sdX
ddrescue -d -n /dev/sdX /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdX /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map

Ile ya kwanza usiiruke. Ukiwasha kwa flashi majina yanaweza kuhama, iliyokuwa sda ikawa sdb, na sda ikawa flashi yenyewe. Tambua diski kwa modeli na namba yake ya mfululizo (SERIAL), si kwa herufi. Ukigeuza chanzo kuwa kifikio utanakili utupu juu ya maisha yako, na hapo hata mimi sitakuwa na la kukuambia. Hiyo setro inasaidia na hapa pia, diski iliyofungwa itakataa kuandikwa.

ddrescue kwenye Debian na Ubuntu inapatikana kwa kifurushi kinachoitwa gddrescue, ila amri ni ddrescue. Mzunguko wa kwanza wenye -n unachota yanayosomeka kwa urahisi na kuruka penye ugumu, ili diski ikifa katikati uwe umeshapata sehemu kubwa. Mzunguko wa pili unarudi kwenye magumu na kuyakwangua. Lile faili la map ndilo kumbukumbu yake: ukikatisha, ukizima, ukirudi kesho, inaendelea ilipoishia. Usitumie dd tupu, inasimama kwenye kosa la kwanza la kusoma, na ukiilazimisha iendelee haina kumbukumbu ya pa kurudi.

Utaniambia inachukua muda. Ndiyo. Diski mbovu inaweza kuchukua usiku na mchana. Mimi ile fsck iliisha upesi tu.

Najuaje kwamba hii njia inalipa? Kwa sababu baadaye nililetewa kompyuta ya shemeji yangu ikiwa na dalili zilezile, na mlio uleule ambao nikiusikia sasa jasho linanitoka. Safari hii nikanakili kwanza. Kwa haraka zangu nilimaliza ule mzunguko wa kwanza tu, nikatengeneza nakala ya nakala, nikaipiga fsck -y ile ya pili. Lost+found ikajaa vilevile! Folda zimeyeyuka, majina yamekuwa namba, niliona filamu yangu inarudiwa. Tofauti ni kwamba hii ilikuwa faili tu. Nikalifuta kwa rm tamu kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikairudisha ddrescue iendelee na mzunguko wa pili, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameandika sifuri juu ya zile sekta, nyingi zilizogoma mwanzoni zikakubali kusomeka. Nakala mpya, fsck mpya, safari hii ikasahihisha vitu vichache na folda zikabaki na majina yake. Diski ni ileile, programu ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sekta zilizogoma zilipewa nafasi ya pili badala ya kuandikwa sifuri.

Ukishakuwa na img, kuifungua ni hivi: losetup -rPf --show diski.img, itakupa kitu kama /dev/loop0 na patisheni zake loop0p1, loop0p2. Kabla ya fsck yoyote jaribu kuipachika kwa mount -o ro,noload, chota unachokihitaji kwanza. Mara nyingine huhitaji hata kutengeneza, unahitaji mafaili tu. Ikibidi kutengeneza, tengeneza kwenye nakala ya nakala (hiyo losetup bila r), na e2fsck yenyewe ina -z ya kutunza bloku za zamani kwenye faili la pembeni, ukijutia unarudisha kwa e2undo. Hakuna video iliyoniambia hilo.

Halafu lile la mke2fs. Mdau, sijui kama umeandika kwa haraka au ndivyo unavyofanya, ila mke2fs bila -n inaifomati hiyo patisheni. INAIFOMATI. Yenye -n ndiyo inayoonyesha tu ingefanya nini, pamoja na namba za superbloku za akiba, na hata hizo ni sahihi ikiwa vigezo ni vilevile vilivyotumika mwanzo. Itauliza kama uendelee ikiona kuna mfumo wa mafaili tayari, kweli. Lakini unamuuliza mtu ambaye dakika mbili zilizopita umemfundisha kujibu y kwa kila kitu. Kwa ext4 yenye bloku za 4096 superbloku ya akiba ya kwanza iko bloku 32768, inayofuata 98304, kisha 163840, hivyo mtu anaweza kujaribu e2fsck -b 32768 juu ya nakala bila kuigusa mke2fs kabisa. Na hata hivyo huyu mwenye uzi hajaonyesha dalili yoyote ya superbloku kuharibika. Ana 0,0!

Kama patisheni yako si ext4, hadithi ni hiyohiyo kwa majina mengine. Kwenye XFS fsck haifanyi kitu, inatoka tu na kusema sawa, na inayotengeneza ni xfs_repair. Atakayekuambia uongeze -L mwambie asubiri, hiyo inafuta logi yenye mabadiliko ambayo hayajaandikwa. Kwenye Btrfs usiguse check --repair, mwongozo wake wenyewe unaonya. Nakala kwanza, kote.

Kuhusu kerneli ya zamani: ndiyo, unaweza, na huenda ndiyo tiba yako nzima. Ukiwasha shikilia Shift, au bonyeza Esc kama mashine ni ya UEFI, menyu ya GRUB itokee, ingia Advanced options, chagua ya chini yake. Ikiwaka, basi umejua kwamba initramfs ya kerneli mpya haikukamilika. Angalia df -h /boot, ikiwa imejaa ondoa kerneli kuukuu kwa kutumia meneja wa vifurushi, kisha update-initramfs -u -k all, na kama si Debian wala jamaa zake basi dracut au mkinitcpio. Dakika chache tu. Ila mfumo ukiwaka unaandika: logi, jarida, muda wa kufunguliwa mafaili, vyote. Kwa diski isiyo na mlio ningekuambia jaribu sasa hivi. Kwa diski inayotoa tik tik nakuambia usiiwashe hata kidogo, izime, chomoa, nenda katafute diski ya nje.

Usiku huu kazi yako ni moja. ddrescue ikianza, iache, usiichungulie kila saa wala usiihamishe laptop ikiwa inasoma. Ikimaliza, fungua lile faili la map, nakili hapa mistari yenye alama ya kutoa mwishoni tu, hizo ndizo sekta zilizogoma moja kwa moja, pamoja na 5, 197, 198 na 199 za smartctl. Tukijua ziko upande gani wa diski tutajua kama zimeangukia patisheni ya mzizi au zimeangukia swap (eneo la kumbukumbu ya muda, lisilo na mafaili yako), na kama ni swap basi utalala kabla yangu.